Yule wa Pambizoni

Siku niliyoaga kazi, vijana wa chumba cha uhariri mlininunulia keki, mkanivika shati la kitenge lililonibana tumboni, kisha mkaniomba kitu kimoja: niwaandikie namna ya kumweleza mwandishi kasoro za muswada wake bila kugombana naye. Nilikubali papo hapo, kinywa kimejaa keki. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba katika maisha yangu ya kazi nimegombana na karibu kila mwandishi aliyekalia kile kiti cha mbao mbele ya meza yangu. Waliosalimika ni wale waliofariki kabla muswada haujanifikia, na hata hao, mjane wa mmoja alikuja kunigombeza kwa niaba yake. Basi yasomeni haya kama maelezo ya fundi aliyewahi kuanguka kutoka karibu kila paa la mtaa.

Nianze na namna nilivyoingia, maana ni aibu na ni bora muisikie kwangu. Niliajiriwa kwa sababu ya jina. Nyumba yetu ya uchapaji wakati huo ilikuwa inatoa vitabu vya shule, vitabu vya sala, na mara chache riwaya. Ilitafuta mtu wa kusahihisha Kiswahili. Mkurugenzi alisikia "Ramazani", akaangalia kofia yangu, akaamini kwamba Mungu amemletea mtu wa pwani. Sisi ni watu wa Maniema, bara ya Kongo. Labda babu wa babu yangu aliiona bahari. Mimi nimeiona kwenye kalenda. Nyumbani tulisema kama watu wote wa Lubumbashi, "iko" asubuhi, "iko" jioni, na baba yangu, fundi wa kushona kanzu, maneno ya pwani aliyoyajua vizuri ni ya kututukana tu. Siku ileile nilinunua kamusi, nikawa naisomea chooni ili wenzangu wasinione.

Mkubwa wangu alikuwa Papa Mukalay (papa kwetu ni baba), Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alivaa tai hata siku za joto kali na alichonga penseli kwa wembe hadi ikawa kama sindano. Alinipa muswada wa kitabu cha kufuga kuku. Niliuchukua kwa hamu kubwa, na kalamu nyekundu, na elimu yote ya chooni. Nilipoumaliza, haukuwa na ukurasa wenye nafasi nyeupe. Nilimrudishia nikiwa nimenyoosha mabega. Aliufunua polepole, akavua miwani, akanitazama.

"Ramazani, iyi haiko kusahihisha," alisema. "Iyi njo kuchinja. Uyu muntu anafugaka kuku, haiko yeye njo kuku."

Akanipokonya kalamu nyekundu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akanipa penseli. Kisha akanifundisha desturi za meza yake. Mwandishi akija, mpe kiti kabla hujampa maoni. Mpe maji. Usianze na "mais", yaani "lakini". Usimwambie jambo zito akiwa amesimama, kwa sababu mtu aliyesimama yuko karibu na mlango. Na zaidi ya yote, uliza.

"Ukiuliza, muntu anatafuta jibu," alisema. "Ukiamuru, anatafuta avocat wa kumutetea."

Niliyashika haya yote kwa moyo mweupe, nikayatumia labda wiki nzima. Baadaye Papa Mukalay alistaafu, nami nikaenda dukani nikanunua kalamu nyekundu.

Mwandishi wa kwanza aliyenitoa jasho alikuwa profesa wa chuo kikuu, kule Kasapa, mtu mpole kabisa mpaka umguse mkato. Nilipoandika neno moja pambizoni, yeye alijibu kwa sentensi tatu chini yake. Mimi, badala ya kunyamaza, nilimjibu jibu lake. Muswada ukaenda Kasapa ukarudi mjini, ukaenda ukarudi, na kila mara maneno ya pembeni yalizidi kunenepa na kitabu chenyewe kukonda katikati. Mwishowe tulikuwa tunabishana kuhusu neno ambalo yeye alikuwa ameshalifuta zamani. Nilikuja kugundua jambo hilo peke yangu, na sikumwambia mtu.

Baada ya profesa alikuja padri mmoja aliyeandika mawaidha ya ndoa. Huyu nilimpenda. Kila nilichomweleza aliinamisha kichwa na kusema, "Nimesikia, mwanangu. Aksanti sana." Niliwasifia wenzangu: huyu ndiye mwandishi! Muswada uliporudi ulikuwa umepigwa chapa upya, safi, bila doa, na kila kasoro ikiwa imekaa mahali pake. Nikamwita tena, nikamweleza tena, akasikia tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba "nimesikia" kwake ilikuwa taarifa kuhusu afya ya masikio yake. Kule mbele mtawakuta wengi wa namna hiyo. Watu wetu wana adabu, hawatakukatalia usoni. Watasema "njo vile", ndivyo ilivyo, watainuka, watakuuliza hali ya watoto, na watakwenda nyumbani kufanya wanavyotaka.

Halafu zikaja kompyuta. Nanyi mnajua hadithi hii, kwa sababu mlikuwa mkiisimulia nikiwa chumba cha pili. Ndiyo, ni mimi niliyebonyeza "tout accepter", kubali yote, katika muswada ambao wahariri wawili walikuwa wameusahihisha kila mmoja kwa upande wake, wakipingana, na mwandishi akapata kitabu ambamo shujaa ni mrefu na mfupi katika aya moja. Yule mwandishi alinishukuru. Alisema sasa shujaa ana kina. Niliendelea na kalamu yangu.

Haya yote nimeyataja ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekuwa mezani siku Célestin alipokuja.

Célestin ni mwalimu wa shule ya msingi huko mtaa wa Katuba. Alikuja na muswada ndani ya mfuko wa mkate, akauweka mezani, akaufuta makombo kwa kiganja. Ilikuwa riwaya kuhusu vijana wanaochimba madini kwa mikono, wale tunaowaita creuseurs. Shujaa anaitwa Ilunga. Anaanza kuchimba ili kumsaidia mama yake, anapata marafiki, anacheka sana, na katika sura ya mwisho shimo linawaangukia. Masimulizi yalikuwa ya Kiswahili cha vitabu, na watu wakizungumza walizungumza kama Katuba. Nilikaa nao siku nzima, chakula cha mchana kikapoa. Nilikuwa na maoni machache tu: katikati palilegea, na kulikuwa na mjomba asiye na kazi katika hadithi. Nilimwambia mwisho wake usiguswe.

Akaenda, akarudi. Mjomba ameondoka, katikati pamekazwa vizuri. Na Ilunga yuko hai.

Siku ile ya shimo hakwenda kazini. Alikuwa amepanda gari la kwenda Kasenga, akanunua mtumbwi, akawa mvuvi kwenye mto Luapula. Nilidhani kurasa zimechanganyika. Niliandika pembeni: "Hii imetoka wapi? Kitabu kizima kinakwenda shimoni." Célestin alisoma maandishi yangu palepale, akasema, "Njo vile, Papa," akaniuliza hali ya watoto, akaondoka. Ningepaswa kukumbuka padri.

Muswada uliofuata, Ilunga ameoa. Niliandika: "Haiwezekani. Rudia." Uliofuata, ana mapacha. Niliandika: "Nani atakuamini?" Uliofuata, amenunua friji ya kuhifadhia samaki. Nakiri kwamba hapo nilipandwa na hasira ambayo haikuwa ya kihariri tu, maana siku zile friji yangu mwenyewe ilikuwa imeharibika na kugeuzwa kabati. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika pambizoni kwa herufi kubwa: "ILUNGA LAZIMA AFE!" Nikapiga mstari chini yake. Nikaona mstari mmoja hautoshi.

Aliporudi, nilimpa kiti, nikampa maji, nikanywa na mimi.

"Célestin, mwanangu, juu ya nini?" nilimwuliza. "Weye mwenyewe unajua mwisho ule wa kwanza ulikuwa mzuri. Kila nikikuambia umurudishe ku shimo, unamununulia kitu kingine."

Alizungusha glasi mikononi. "Papa, mama hataki."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Ilunga haiko jina ya kutunga. Iko yaya yangu, ndugu yangu mukubwa. Alikufaka mu shimo."

Akanieleza yote, macho kwenye glasi. Mama yake hawezi tena kusoma kwa sababu ya macho, basi kila Jumapili baada ya misa Célestin humsomea alichoandika. Walipofika karibu na mwisho wa muswada wa kwanza, mama alimshika mkono. "Achia apo," alisema. "Usimuue leo." Jumapili hiyo Célestin hakuendelea. Jumapili iliyofuata ilibidi asome kitu, akaandika gari la Kasenga. Mama alifurahi mpaka akapiga makofi. Aliuliza: na kisha? Célestin akaandika ndoa. Na kisha? Mapacha.

"Donc sasa nafanya nini, Papa?" alisema. "Nikimuacha muzima, iko bongo, haiko kweli. Batoto ya Katuba bakisoma, batasema mu shimo muntu anatokaka na mutumbwi. Na yaya yangu, hakuna mwenye atajua namna alikufa. Nikimuua, mama hatanisikiliza tena. Jumapili njo kitu tunabakiaka nayo."

Nilikuwa nimesahihisha vitabu hadi nywele zikawa nyeupe, na sikuwa na alama ya pambizoni kwa jambo la namna ile. Aliniomba niende kwao nizungumze na mama. Nilisema ndiyo haraka, kama nilivyofanya kwenye keki, na sababu yake haikuwa ujasiri. Niliamini kwa dhati kwamba nikimweleza mama huyo vizuri jinsi hadithi inavyojengwa, atakubali.

Kwao Katuba ni nyumba ya matofali yenye ua uliofagiliwa, mbabula ya makaa pembeni, na kuku. Avenue nzima wanamwita mama huyo Mama Ilunga, kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama ilivyo desturi. Niliposikia jirani akimsalimu hivyo mlangoni, nilitamani kugeuza. Kwa muda wote ule nilikuwa naandika kwa wino mwekundu kwamba mtu afe, na jina lake ndilo jina la kumwitia mama yake sokoni.

"Mama, uyu njo Papa Ramazani," alisema Célestin. "Wa kule banachapaka kitabu."

Mama Ilunga aligeuza uso upande wangu, akaukunja kidogo.

"Ule wa ku marge?" Yaani yule wa pambizoni.

Nilimtazama Célestin. Célestin alikuwa anatazama kuku. Ndipo ilipojulikana kwamba mwalimu huyu mwaminifu, kila Jumapili, alimsomea mama yake ukurasa mzima, kutoka kona hadi kona, na maandishi yangu pia. Hakuna aliyewahi kumwambia ayaruke. Mama Ilunga alinijua kitambo. Kwake mimi nilikuwa mtu mmojawapo wa kitabu, yule anayesimama pembeni na kuwaingilia watu wakizungumza.

"Weye njo unalalamikaka," alisema. "Bantu banaongea muzuri, mara weye: 'Ndefu mno!' Mara: 'Nani anasema hapa?' Si iko Ilunga anasema? Kila muntu anamujua."

"Njo mimi, mama," nilisema.

"Unagombanaka sana."

"Hata bibi yangu anasemaka vile."

"Na njo weye mwenye ulisema mutoto yangu afe."

Kuku mmoja alipita kati yetu, nikamshukuru moyoni kwa kunipa kitu cha kutazama. Hotuba yangu niliyoiandaa ndani ya basi, kuhusu mwanzo na kati na mwisho, ilikuwa imekwisha kuondoka bila kuaga. Nilisema, "Njo mimi, mama. Unisamehe." Alimwambia Célestin anipe kiti.

Nilikaa. Kisha niliuliza swali. Ningependa kusema ni mafunzo ya Papa Mukalay, lakini ilikuwa ni kuishiwa maneno.

"Mama, ile sura ya Kasenga, ulisikia iko namna gani?"

"Iko muzuri," alisema. Kisha akafikiri. "Mais, haiko yeye."

"Namna gani haiko yeye?"

"Ilunga alikuwaka anaogopa mayi. Hata mvua alikuwa anakimbia. Ule atapanda mu mutumbwi? Non. Célestin, weye unajua."

"Najua, mama," alisema Célestin. Alichukua penseli, akavuta mstari juu ya mtumbwi.

"Basi auze samaki tu ku soko," nilisema mimi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia, nami kwa kweli nilitaka.

Mama Ilunga alicheka. "Kuuza! Ule? Alikuwaka anapana bitu bure. Nilimutumaka na mafuta, anarudi na chupa mutupu na baraka ya bantu."

Soko likafutwa. Célestin akapendekeza kazi kwa mjomba mwenye gereji, mama akakumbusha kwamba Ilunga na mjomba hawakupatana hata siku moja, na mjomba ndiye aliyekuwa na makosa. Gereji ikafutwa. Nikajaribu kumpeleka shule ya ualimu kama mdogo wake. Mama akasema alikuwa analala darasani, na akacheka tena hadi akafuta macho. Friji iliondoka bila mjadala, ilikuwa haina tena samaki. Tulikuwa tumefurahi, sisi watatu, tukimtafutia kijana mmoja mahali pa kuishi, na kila mahali mama yake akisema hapana, hapo hatoshi, ninyi hamumjui.

"Bon," alisema mwishowe. "Abakie apa. Abakie na mimi ku nyumba. Muandike vile."

Célestin aliandika. Mama alikuwa bado anafikiri, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza barabarani.

"Abakie ku nyumba," alirudia polepole, "na benzake bapite ku mulango, bamuite?"

Célestin aliinua kichwa.

"Ilunga hawezi kukatala benzake. Muntu akimuita, anaenda. Hata akuwe mugonjwa, anaenda. Ile siku pia, bo njo balikuya kumuita." Alipitisha mkono juu ya kitenge chake, magotini, akakinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka. "Ataenda tu. Juu akikatala, haiko tena Ilunga."

Penseli ya Célestin ilikuwa imesimama. Na mimi, yule aliyeandika kwa herufi kubwa na mistari miwili, nilikuwa nataka kusema: mama, tumwache. Tumpe mtumbwi wake. Mimi mwenyewe nitamwandikia friji ya pili. Nilifungua kinywa, nikaona nitalia mbele ya watu nisiowajua vizuri, nikakifunga. Célestin alikuwa tayari analia, bila sauti, akigeuza uso ili mama asijue, kana kwamba mama yule alihitaji macho kujua.

"Célestin," alisema mama.

"Mama."

"Ile asubuhi alitoka bila kukula. Bale batoto balikuwa na haraka, na mi nilikuwa siyawashe bado mbabula." Akaendelea: "Mu kitabu, aende. Mais mumuache akule kwanza."

"Akule nini, mama?"

"Bukari. Ya moto. Na musamaki mukubwa, haiko bile bidogo." Kisha akanigeukia mimi, mtu wa pambizoni, na sauti yake ikawa ya kuamrisha. "Na weye, usiseme ndefu mno. Benzake batamungojea."

Kitabu mnakijua, mmekipanga wenyewe. Shimo liko mahali pake. Kabla ya shimo kuna ukurasa ambamo Ilunga anakula. Wenzake wanaita kutoka barabarani, yeye anajibu "ninakuya", anamega tonge la ugali, anachagua miiba, mama anamwongezea, wanaita tena, anaomba maji ya kunawa, anakumbuka kuna kipande kimebaki. Célestin alimsomea mama yake sura hiyo Jumapili moja, na mama alisikiliza mpaka mwisho, na Jumapili iliyofuata alimwuliza anaandika nini sasa.

Mmoja wenu, sitamtaja, kijana makini ambaye atakuwa mhariri mzuri kuliko mimi, alipitia kurasa hizo kabla hazijakwenda mashineni. Kando ya mlo ule aliandika: "Inachelewesha hadithi." Nilitafuta penseli, nikamjibu chini yake kwamba ni kweli, inachelewesha.